Jeshi la mikuki mbele ya rashasha: nani anahesabiwa?

Muhula uliopita, katika somo la fasihi linganishi, tulisoma sura za mwisho za riwaya ya Mark Twain, A Connecticut Yankee in King Arthur's Court, iliyotoka mwaka 1889. Hank Morgan, msimamizi katika kiwanda cha silaha huko Hartford, Marekani, anapigwa kichwani na kuzindukia Uingereza ya mwaka 528. Mwishoni anajifungia katika pango pamoja na msaidizi wake Clarence na wavulana 52. Wamejizungushia nyaya za umeme, baruti na bunduki za rashasha aina ya Gatling. Wapiganaji wenye deraya za chuma wanawajia kwa maelfu. Dakika kumi baada ya rashasha kuanza kulia, vita vimekwisha, na watu 25,000 wamelala wafu.

Darasani tulicheka. Mtu aliyevaa chuma mwili mzima anashika waya wa umeme usiku: ni rahisi kucheka. Mwenzetu mmoja, mzaliwa wa Uvira, hakucheka. Aliuliza kwa Kiswahili cha nyumbani: «Na bale ba mbele ya bunduki, ni banani?» Tulinyamaza. Makala hii ni jaribio langu la kumjibu.

Visa vya aina hii, jeshi la zamani likipambana na silaha za kisasa, husomwa mara nyingi kama hesabu: mikuki mingapi, risasi ngapi. Lakini jibu la hesabu hiyo linajulikana kabla ya kufungua kitabu. Kinachobaki kuchunguzwa ni lugha: msimulizi amesimama upande gani wa bunduki, na walio upande wa pili anawaita nini.

Katika riwaya ya Twain, msimulizi ni Hank mwenyewe, yaani mwenye bunduki. Katika sura za awali, wapiganaji wale wana majina, tabia, hata vichekesho vyao. Vitani majina yanapotea. Baada ya mlipuko wa baruti, Hank anaeleza kwamba wafu hawawezi kuhesabiwa, kwa kuwa hawapo tena kama mtu mmoja mmoja. Wamekuwa kitu kimoja kilichochanganyika na chuma na vifungo. Wanaisimu tutambue kilichofanyika hapo. Kiingereza hakina ngeli kama zetu, lakini kinatofautisha nomino zinazohesabika na zisizohesabika. Hank amewatoa watu katika ngeli ya wa-, akawatupa pamoja na matope na mafuta.

Tusimchanganye mwandishi na msimulizi wake. Twain anawaadhibu washindi: wanazingirwa na maiti walizozifanya wenyewe, na hewa iliyooza inaanza kuwaua mle pangoni. Ni Twain huyu huyu aliyetoa mwaka 1905 King Leopold's Soliloquy, kijitabu cha kumshitaki Leopold II kwa ukatili uliotendwa katika nchi yetu. Hata hivyo, walio mbele ya bunduki za Hank hawapewi nafasi ya kusema walichokuwa wanakifikiri walipokuwa wakisonga mbele.

Nafasi hiyo tunaipata katika tamthilia ya Kiswahili. Mwaka 1969 Ebrahim Hussein alichapisha Kinjeketile, mchezo unaotokana na Vita vya Maji Maji vilivyoanza kusini mwa Tanganyika mwaka huo huo wa 1905. Wapiganaji wake hawakuwa watu wa zama za Arthur. Walikuwa wakulima waliochoshwa na kazi ya kulazimishwa katika mashamba ya pamba, wenye mikuki, mishale na magobori, na mbele yao walikuwa Wajerumani wenye rashasha. Hussein anaweka jukwaa upande wa mikuki. Tunawasikia Kinjeketile, Kitunda na wake zao wakibishana. Tunaona kwamba maji yale yalifanya kazi moja kubwa kabla ya vita: yaliwaunganisha watu wa makabila yaliyokuwa yakichukiana. Kinjeketile mwenyewe anaingiwa na shaka na kutaka wasubiri, lakini neno alilolitoa limekwisha kumzidi nguvu. Watu wanakwenda vitani, na rashasha zinawafyeka.

Maji yako katika ngeli ya ma-, pamoja na maziwa na mafuta, vitu visivyohesabika. Kwa Hank, watu waligeuzwa kitu kama hicho. Kwa Hussein, kitu kama hicho kiliwafanya waliotawanyika kuwa watu wamoja. Mwishoni, akiwa kifungoni, Kinjeketile anatakiwa atamke kwamba maji yalikuwa uongo. Anakataa, ingawa shaka anayo. Anajua kwamba akikubali, watoto watafundishwa kuwa hata kupigana kulikuwa kosa.

Sisi tunasema mayi, na neno hilo si la vitabuni tu. Mwaka 1964 Wasimba walisonga mbele wakiita «Mai Mulele!» ili risasi zigeuke maji, na mara nyingine askari wa serikali walikimbia waliposikia sauti hiyo, kabla ya kupigana. Hadi leo huko Kivu makundi ya wapiganaji huitwa Mai-Mai. Sisemi kwamba maji yanazuia risasi. Makadirio ya baadhi ya wanahistoria kuhusu Maji Maji yanafikia wafu 300,000, wengi wao kwa njaa baada ya Wajerumani kuchoma mashamba na maghala. Wala sisemi kwamba kila anayejiita jina hilo anatetea haki. Nasema tu kwamba anayeanza kwa kicheko hatafika kwenye swali la kwa nini kijana alikubali kusonga mbele.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukikutana na kisa cha namna hii katika riwaya au filamu, fuata nomino na viambishi. Angalia nani ana jina na nani ni wingi tu. Angalia nani anasema «mimi», na ni wapi watu wanaacha kuwa wa-. Mwenzetu wa Uvira aliuliza kwa ba-, ngeli ya watu. Tulipaswa kusoma sura ile kwa ngeli hiyo tangu ukurasa wa kwanza.