Bawa la Kereng'ende na Chuma Kilichomo Mfupani

Apitaye kando ya mashamba ya mpunga ya Bugarama, wilayani Rusizi, huwaona kereng'ende wakielea juu ya maji. Bawa la mdudu huyu ukilishika ni laini kama karatasi ya nailoni. Kwa bakteria, hata hivyo, ni uwanja wa miiba. Mwaka 2013 Elena Ivanova na wenzake wa Chuo Kikuu cha Swinburne, Australia, walieleza kwamba bawa la aina moja ya kereng'ende limejaa vijiti vilivyosimama wima. Bakteria akitua juu yake, ngozi yake huvutwa mpaka ikapasuka. Hauawi na sumu, bali na umbo la mahali alipotua.

Ndugu msomaji, jambo hili lamhusu askari aliyevunjika mguu akatiwa chuma, na lamhusu mkewe amwuguzaye. Bakteria hujishikiza juu ya chuma hicho na kujifunika utando ambao dawa huupenya kwa shida. Pengine hapana budi chuma kitolewe.

Lakini chuma hicho hicho yafaa kipendwe na mfupa. Chembe hai ya mwili ina vishikio vidogo nje ya ngozi yake. Hupapasa, hushika, huvuta. Na mvuto huo hufika hadi kwenye kiini chake, ambako huamuliwa chembe changa iwe ya mfupa au ya kitu kingine. Mwaka 2007 Matthew Dalby na wenzake wa Chuo Kikuu cha Glasgow, Uskoti, walitia katika plastiki vishimo vyenye upana wa nanomita 120. (Unywele wa mtu una nanomita 80,000 hivi.) Vishimo vilipopangwa sawasawa kama gwaride, chembe hazikushika vema wala hazikugeuka mfupa. Vilipopotoka kidogo katika safu, zilianza kutengeneza mfupa bila kutiwa dawa yoyote. Sajini wa gwaride hatapendezwa na habari hii!

Miiba nayo chembe zetu huweza kuistahimili, kwa kuwa ni kubwa kuliko bakteria na ngozi yao hukunjika. Kasoro ni kwamba maiti za bakteria huifunika miiba, na wajao baadaye hutua juu yake salama.

Kwa hiyo mwenye chuma mguuni akiona wekundu, usaha au homa, asikandwe kwa majani wala maji ya moto. Apelekwe hospitali siku ile ile. Kwa mkazi wa Rusizi, Gihundwe au Mibilizi.