Namba Tasa Iliyojificha Ndani ya Kompyuta

Zidisha 2 thelathini na moja kwa pamoja, kisha toa 1. Unapata 2,147,483,647, namba isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe. Huitwa namba tasa, jina linaloionea kidogo, kwani namba tasa zikizidishana ndizo zinazozaa namba nyingine.

Mwaka 1772 Leonhard Euler, mwanahisabati Mswisi aliyeishi Saint Petersburg huku macho yakiwa karibu yamezima, alithibitisha utasa wake bila mashine. Kujaribu kila namba tasa hadi 46,340 kungemchosha. Akatambua kuwa kigawanyo tasa chochote cha namba hiyo, kikigawanywa kwa 248, lazima kibakize 1 au 63. Vingine vyote akavitupa.

Namba hiyo, 2,147,483,647, pia ndiyo namba kamili kubwa kuliko zote inayoenea katika biti 32, moja ikitengwa kwa alama ya chanya au hasi. Mwaka 2014 YouTube ililazimika kupanua kihesabio chake cha utazamaji kwa ajili ya wimbo wa Gangnam Style, uliotazamwa mara nyingi kuliko namba hiyo.

Kompyuta za zamani zinazohesabu sekunde tangu mwanzo wa 1970 zitaifikia namba hiyo tarehe 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki.