Klorini: Sifa Zake, Isotopu Zake na Namna ya Kuieleza kwa Kiswahili

Utangulizi

Kiswahili kilifanywa kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Rwanda mwaka 2017. Hata hivyo, wapo wanaoendelea kuuliza kama lugha hii inaweza kubeba sayansi, au itabaki kuwa lugha ya soko, safari na ushairi. Swali hilo halijibiwi kwa hotuba. Hujibiwa kwa kuchukua jambo moja la kisayansi na kulieleza kwa Kiswahili mpaka likaeleweka.

Makala haya yanachukua elementi ya klorini. Tumeichagua kwa sababu mbili. Kwanza, ni kitu tunachokutana nacho kila siku: maji yanayopandishwa kwa pampu hadi kwetu hapa Rebero hutiwa dawa hii kabla ya kutufikia. Pili, klorini ni kipimo kizuri cha lugha. Katika habari zake, tofauti ndogo ya neno hubeba tofauti kubwa ya kitu, na mwalimu asiyeijali tofauti hiyo anaweza kupotosha darasa zima.

Jina na asili yake

Gesi ya klorini ilipatikana kwa mara ya kwanza mwaka 1774, pale mfamasia Carl Wilhelm Scheele wa Uswidi alipochanganya madini meusi ya manganizi na asidi ya chumvi. Kwa miaka mingi baada ya hapo wataalamu waliamini kwamba gesi hiyo ilikuwa na oksijeni ndani yake, wakaipa jina lililobeba imani hiyo. Mwaka 1810 Humphry Davy wa Uingereza alihitimisha kwamba ni elementi kamili, yaani kitu kisichoweza kugawanywa kwa njia za kikemia kikatoa vitu vingine. Akachagua jina kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya rangi iliyo kati ya kijani na manjano. Jina la kwanza lilisimama juu ya nadharia, likaanguka pamoja nayo. Jina la Davy lilisimama juu ya rangi inayoonekana kwa macho, nalo limedumu hadi leo.

Kwa Kiswahili rangi hiyo tunaweza kuiita kijani-manjano. Tusiiite chanikiwiti, kwa kuwa chanikiwiti ni kijani kibichi, ilhali gesi hii imeelekea upande wa manjano.

Kuhusu matamshi, neno klorini linaanza na konsonanti mbili zinazofuatana, kama kliniki na klabu. Mwanafunzi ambaye lugha yake ya kwanza ni Kinyarwanda huweza kubadilishana l na r, akaandika "krorini", au akapachika irabu katikati na kuandika "kolorini". Inafaa kusahihisha mapema. Kisarufi, neno hili limo katika ngeli ya I-ZI: klorini inanuka, klorini imeyeyuka.

Sifa za klorini

Klorini ina namba atomia 17 na alama yake ni Cl. Maana ya namba hiyo ni kwamba kiini cha kila atomu ya klorini kina protoni 17. Nje ya kiini kuna elektroni 17 zilizopangika katika matabaka matatu: 2, 8 na 7. Tabaka la nje linapungukiwa elektroni moja tu ili litimie 8, na upungufu huo mmoja ndio unaoeleza karibu tabia zote za elementi hii. Klorini haitulii. Ikikutana na metali, hupokea elektroni kutoka kwake. Ikikutana na seli ya bakteria, huharibu kuta zake na protini zake.

Katika hali ya kawaida ni gesi. Huwa kiowevu ikipozwa hadi nyuzi 34 za Selsiasi chini ya sifuri, na huganda katika nyuzi 101.5 chini ya sifuri. Ni nzito kuliko hewa kwa takriban mara mbili na nusu, kwa hiyo ikivuja hutambaa chini na kujaa mabondeni. Sifa hiyo ilitumiwa vibaya tarehe 22 Aprili 1915 karibu na mji wa Ypres nchini Ubelgiji, ambapo jeshi la Ujerumani lilifungulia mitungi ya klorini, na upepo ukaisukuma gesi hadi kwenye mahandaki ya wapinzani wao.

Klorini imo katika kundi la 17 la jedwali la elementi, pamoja na florini, bromini na iodini. Kundi hilo huitwa halojeni, jina lenye maana ya "zinazozaa chumvi".

Klorini, kloridi na hipokloriti

Hapa ndipo wanafunzi wengi hujikwaa. Darasani wanaambiwa kwamba klorini ni sumu, kisha wanaambiwa kwamba chumvi ya mezani ina klorini. Mwanafunzi makini atauliza: mbona tunaila?

Jibu limo katika silabi ya mwisho. Atomu ya klorini ikishapokea elektroni moja kutoka kwa sodiamu, tabaka lake la nje hutimia na ukali wake huisha. Sasa haiitwi klorini bali kloridi. Chumvi ni kloridi ya sodiamu. Katika gramu 100 za chumvi safi, gramu 60 hivi ni kloridi. Chumvi inayovunwa Katwe nchini Uganda, Uvinza nchini Tanzania au kwenye pwani ya Kenya ni kitu hichohicho, na munyu wa Kiswahili cha zamani, ambao Mnyarwanda anautambua mara moja katika umunyu wake, vilevile ni kloridi. Kwa hiyo -ni ni gesi inayoua, na -di ni kiungo cha mboga.

Neno la tatu ni hipokloriti. Hiki ni kampaundi ambamo klorini imeungana na oksijeni. Hipokloriti ya sodiamu iliyoyeyushwa katika maji ndiyo dawa ya kung'arishia nguo ambayo hapa Kigali tunaiita javeli, kutokana na Javel, kitongoji ambacho leo ni sehemu ya jiji la Paris, ambako dawa hiyo ilianza kutengenezwa mwishoni mwa karne ya 18. Wenzetu wa Nairobi na Dar es Salaam wanaijua zaidi kwa jina la kibiashara la Jik. Hipokloriti ya kalsiamu ndiyo ile poda nyeupe inayotumika kusafishia maji.

Tofauti hii si ya kamusi peke yake. Mtu akichanganya javeli na dawa ya choo yenye asidi ya chumvi, akidhani kwamba dawa mbili zitasafisha zaidi ya moja, asidi huivunja hipokloriti na gesi ya klorini hutoka palepale. Chooni hakuna nafasi na mara nyingi hakuna dirisha kubwa. Anayejikuta katika hali hiyo aache kila kitu, atoke nje kwenye hewa safi, na asiiname kuokota kitu sakafuni, kwa sababu gesi hii hukaa chini.

Isotopu za klorini

Kitabu chochote cha kemia kitakuonyesha kwamba uzito wa atomu ya klorini ni 35.45, au 35.5 kwa kifupi. Namba hii imewasumbua wengi. Protoni haikatwi vipande, wala nyutroni. Nusu hiyo imetoka wapi?

Jibu ni kwamba hakuna atomu yoyote ya klorini yenye uzito wa 35.5. Zipo atomu zenye protoni 17 na nyutroni 18, jumla 35. Zipo nyingine zenye protoni 17 na nyutroni 20, jumla 37. Katika kila atomu 100 za klorini, takriban 76 ni za aina ya kwanza na 24 ni za aina ya pili, yaani karibu tatu kwa moja. Ukichukua atomu nne, tatu za 35 na moja ya 37, jumla yake ni 142; gawanya kwa nne, unapata 35.5. Namba hiyo, basi, ni wastani. Ni sawa na kusema kwamba familia za mtaa fulani zina watoto watatu na nusu: hakuna anayekwenda kumtafuta huyo nusu mtoto.

Atomu za elementi moja zinazotofautiana kwa idadi ya nyutroni huitwa isotopu. Neno hili lilianza kutumiwa na Frederick Soddy mwaka 1913, baada ya kupendekezewa na daktari Margaret Todd wa Uskoti. Linatokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya "mahali pamoja", kwa kuwa isotopu zote za elementi hukaa katika chumba kimoja cha jedwali. F. W. Aston wa Cambridge, kwa chombo chake cha kupambanua atomu kwa uzito, alizitenganisha isotopu za klorini muda mfupi baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na mwaka 1922 akapewa Tuzo ya Nobel ya kemia.

Baadhi ya walimu hupenda kurahisisha kwa kusema tu "aina za klorini". Neno aina linafaa katika kueleza, kama tulivyolitumia hapo juu, lakini halifai kuwa istilahi. Dukani kuna klorini ya maji, ya poda na ya vidonge, na mwanafunzi atadhani kwamba hizo ndizo isotopu. Sivyo. Hizo ni kampaundi na maandalizi tofauti, na ndani ya kila moja isotopu zote mbili zimo kwa uwiano uleule wa karibu tatu kwa moja. Kwa tabia za kikemia isotopu hizi ni kama mapacha: zote huunda chumvi, zote huua bakteria.

Ipo pia klorini-36, yenye nyutroni 19. Hii ni nururifu, maana yake kiini chake hakidumu, bali huvunjika polepole na kutoa mnururisho. Nusumaisha yake, yaani muda unaohitajika ili nusu ya atomu zake ziwe zimevunjika, ni miaka 301,000 hivi. Huzaliwa angani miali kutoka anga za mbali inapogonga atomu za agoni, kisha hushuka na mvua. Majaribio ya mabomu ya nyuklia katika Bahari ya Pasifiki miaka ya 1950 yaliiongeza kwa ghafla. Wataalamu huitumia kukadiria umri wa maji yaliyo chini ya ardhi, kama walivyofanya katika bonde kubwa la maji ya chini nchini Australia. Kiasi chake duniani ni kidogo mno. Tuwaeleze wanafunzi wazi kwamba klorini ya bombani haiwi hatari kwa sababu yake.

Klorini katika maji yetu

Klorini inapotiwa katika maji huunda asidi ya hipoklorasi, na hiyo ndiyo inayoua vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo. Lakini haichagui. Ikikuta tope na mabaki ya majani, hujimaliza huko kabla ya kuvifikia vijidudu. Kila aliyeuona mto Nyabarongo wakati wa masika, mwekundu kwa udongo wa milima yetu, ataelewa kwa nini katika mtambo wa Nzove maji hutulizwa na kuchujwa kwanza. Kule Kanzenze, Bugesera, mtambo uliozinduliwa mwaka 2021 wenye uwezo wa lita milioni 40 kwa siku huchota maji kutoka visima vilivyochimbwa kando ya mto huohuo, ambako mchanga umekwisha kuyachuja.

Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba baada ya dakika 30 kila lita ibaki na angalau miligramu 0.5 za klorini huru, na kwamba maji yanapomfikia mtumiaji zisipungue 0.2. Kwa hiyo harufu hafifu ya dawa si dalili ya maji machafu, kama wengine wanavyodhani. Ni dalili kwamba mlinzi bado yuko zamu.

Vipimo hivi vina somo la lugha. Wakati wa mlipuko wa Ebola katika Kivu Kaskazini na Ituri, kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, maji ya klorini ya asilimia 0.05 yalikuwa ya kunawia mikono, na ya asilimia 0.5 yalikuwa ya kusafishia sakafu na vifaa. Soma namba hizo kwa sauti: "sifuri nukta sifuri tano" na "sifuri nukta tano". Neno moja likisahaulika, ukali unaongezeka mara kumi, na mikono inaungua.

Hitimisho

Istilahi tunazozihitaji zipo. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ilitolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam tangu mwaka 1990. Kinachopungua ni kuzitumia. Mwalimu wa Kiswahili hahitaji kuwa mkemia, ila anahitaji kulinda mipaka ya maneno, kwa sababu mipaka hiyo ndiyo mipaka ya vitu vyenyewe.

Kwa walimu wenzetu tunapendekeza mazoezi matatu:

1. Wanafunzi watunge sentensi tatu zinazotofautisha klorini, kloridi na hipokloriti, bila kutumia neno la kigeni.

2. Waeleze kwa maneno yao kwa nini hakuna atomu yenye uzito wa 35.5.

3. Waandike tangazo la maneno 50 la kubandikwa karibu na ndoo ya kunawia mikono, kisha mwenzao alisome kwa sauti, naye asiyeliona aeleze alichoelewa. Akikosea kipimo, tangazo liandikwe upya.