Je, Wajua? Hewa Hukaza Kifuniko cha Mashua

Hewa iliyomo ndani ya mashua ya faibaglasi ikipata joto la nyuzi 40 juani, kisha ikapoa hadi nyuzi 25 majini, hunywea. Ikiwa mashua imezibwa kabisa, kifuniko cha ukaguzi chenye upana wa sentimita 15 hukandamizwa kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 9! Ndiyo maana Laser, mashua ya tanga iliyoingia Olimpiki mwaka 1996, ina kitundu cha kupumulia. Kizibue kwanza kabla ya kufungua kifuniko.

Kifuniko kikikataa bado, ufunguo bora hutengenezwa nyumbani. Chukua ubao wa sentimita 60. Katikati yake pitisha bolti mbili, zikae sawasawa na vishimo viwili vya usoni mwa kifuniko. Vidole vyako hushika sentimita 5 au zaidi kidogo kutoka katikati. Ncha ya ubao iko sentimita 30. Nguvu ya kuzungusha hukaribia mara sita. Shika ncha zote mbili, zungusha polepole: plastiki iliyozeeka kwa jua hupasuka ghafla.

Kifuniko hakina vishimo? Kizungushie kipande cha tyubu ya baiskeli. Mpira hautelezi kama kiganja chenye maji.

Mara nyingi adui ni chumvi iliyoganda kwenye hesi. Lita moja ya maji ya bomba huyeyusha zaidi ya gramu 300 za chumvi, basi mwagia, subiri, mwagia tena.

Baada ya kufungua, paka mpira wa kifuniko grisi ya silikoni. Vaselini huvimbisha mpira wa asili.