Kwa Nini Shoka Lililotiwa Motoni Hupoteza Ugumu Wake

Mpini wa shoka ukivunjika na kipande kikabaki ndani ya tundu, watu wengi hulitupa shoka lote motoni ili mti uungue. Kazi huwa rahisi, na shoka halionekani kuwa na dhara lo lote. Lakini baadaye makali hayadumu tena, na mwenyewe humlaumu mwenye duka. Kosa si la duka. Ni la moto.

Chuma, kama vitu vingine, ni mkusanyiko wa chembe ndogo mno ziitwazo atomi. Katika chuma zimejipanga safu safu, tabaka juu ya tabaka, nazo zimeshikamana kwa nguvu. Hata hivyo tabaka hizo zaweza kuteleza pasipo kuachana. Ndiyo sababu chuma kikipigwa nyundo hupinda, hali chungu cha udongo kikipigwa huvunjika.

Chuma kitupu ni laini mno kwa kazi ya shoka. Kwa hiyo huchanganywa na kaboni, ambayo ndiyo asili ya makaa na masizi. Katika shoka kaboni hiyo kwa kawaida haifiki hata sehemu moja katika mia. Mchanganyiko huu huitwa pua.

Pua ikipashwa moto hata ikawa nyekundu, mpango wa atomi zake hubadilika, na kaboni hupata nafasi ya kuenea kati ya atomi za chuma. Ikitumbukizwa ghafula katika maji au mafuta, kaboni hukosa wakati wa kutoka. Hunaswa mle mle na kuzuia tabaka zisiteleze. Hapo pua huwa ngumu sana, lakini huvunjika upesi kama kigae. Basi mhunzi huipasha tena moto wa kadiri, kiasi cha digrii 200 hadi 300 za Selisiasi, ili ugumu upungue kidogo na shoka listahimili mapigo.

Shoka likiwekwa motoni mpaka likawa jekundu, kisha likapoa polepole katika majivu, kaboni hutoka mahali iliponaswa, na tabaka hupata tena kuteleza. Umbo ni lile lile na uzito ni ule ule. Mpango wa ndani tu ndio uliobadilika. Hata moto usiofikia wekundu hudhuru: makali yakigeuka rangi ya buluu, yamekwisha punguka ugumu.

Kwa hiyo, mpini ukivunjika, utoboe kwa keekee na kuutoa vipande vipande. Kama hapana budi kutumia moto, fukia makali yote katika udongo uliolowa maji, na moto uwe mdogo, upande wa tundu tu. Unaponoa kwa jiwe la kuzungusha, chovya makali katika maji mara kwa mara. Na shoka lililokwisha haribika lisitupwe. Mhunzi mwenye ujuzi aweza kulipasha moto, kulizamisha na kulirudishia ugumu wake, kwa maana kaboni yake ingalimo ndani.