Hitilafu Zinazotokea na Kutoweka katika Magari ya Mseto

Gari la mseto huendeshwa kwa injini ya petroli pamoja na mota ya umeme. Gari la kwanza la aina hiyo kutengenezwa kwa wingi, Toyota Prius, lilianza kuuzwa Japani mwezi wa Desemba 1997. Siku hizi magari ya mseto yaliyokwisha kutumika Japani huonekana pia katika barabara za Afrika Mashariki, na mafundi hukutana na tatizo gumu: taa ya onyo huwaka gari linapopanda mlima, lakini likifika gereji kila kipimo huonekana sawa. Uchunguzi ukikosewa hasara ni kubwa, kwani betri isiyo na ubovu huweza kutupwa kwa sababu ya nati moja iliyoshika kutu.

Betri na vihisi vyake

Betri ya Prius ya kizazi cha pili, iliyotokea mwaka 2003, ina moduli 28 za nikeli na haidraidi ya metali. Kila moduli ina seli 6 za volti 1.2, yaani volti 7.2. Zikiunganishwa kwa mfululizo, moduli zote hutoa volti 201.6. Huunganishwa kwa vipande vya shaba vinavyokazwa kwa nati. Kompyuta ya betri haipimi moduli moja moja, bali hupima mafungu 14 ya moduli mbili mbili kwa kutumia nyaya nyembamba zilizofungwa kwenye viungo hivyo. Fungu moja likitofautiana mno na mengine, kompyuta huwasha taa na kuhifadhi namba ya kosa, kama vile P0A80, ambayo maana yake ni kwamba betri ibadilishwe.

Ikumbukwe kwamba kompyuta haioni seli. Huona tu volti zinazofika mwisho wa waya.

Kosa linalofuata mkondo

Unyevu, na kemikali inayovuja katika moduli, huweza kuifanya shaba iote kutu ya kijani. Kutu hiyo huongeza ukinzani wa kiungo. Kwa kanuni ya Ohm, volti zinazopotea ni mkondo mara ukinzani: V = I × R. Tuseme kiungo kimoja ndani ya fungu kina ukinzani wa omu 0.01. Gari likiongeza mwendo na mkondo ukafika ampea 100, volti 1 nzima hupotea hapo, na kompyuta hudhani kwamba fungu limedhoofika. Gari likifunga breki na mota ikaichaji betri, mkondo hugeuka, na fungu lile lile huonekana kuwa na volti nyingi kupita jirani zake. Gari likisimama mkondo hukoma, na hitilafu hutoweka. Hii ndiyo sababu kipimo cha gereji hakioni kitu.

Isitoshe, kiungo hicho hutoa joto la wati 100 wakati wa mkondo huo (I² × R), na joto huzidisha kutu.

Waya wa kihisi ukilegea, dalili ni nyingine. Mkondo unaopita katika waya huo ni mdogo sana, hivyo kutu kidogo haibadilishi kipimo. Lakini waya ukikatika na kugusana tena, kipimo hurukaruka kwa kufuata mtikisiko wa barabara, wala si mkondo. Aidha, mafungu mawili jirani huweza kukosewa pamoja, kwa kuwa waya wa mpakani ni wa yote mawili.

Hatua za uchunguzi

Kwanza, fundi husoma namba za kosa pamoja na vipimo vilivyohifadhiwa kosa lilipotokea. Pili, huendesha gari huku akilinganisha mafungu yote na mkondo wa wakati huo huo. Tatu, baada ya umeme kukatwa, hukagua na kusafisha viungo. Nne, hupima kila moduli kwenye ncha zake yenyewe, akiipa taa ya aina moja kwa muda ulio sawa. Moduli zikilingana, ubovu umo katika viungo. Moja ikianguka, ubovu umo ndani yake. Hatua hii ni ya lazima, maana seli iliyochoka nayo hupoteza volti chini ya mzigo, na dalili hizo mbili hufanana.

Hadhari

Volti 200 za mkondo mnyoofu zaweza kuua. Plagi ya usalama sharti itolewe, ingojewe angalau dakika 10 ili kapasita zipoe umeme, na fundi avae glavu za mpira zilizothibitishwa kwa kazi hiyo. Hata hapo, moduli zilizounganishwa bado zina umeme. Kazi hii si ya mwanafunzi.

Jaribio la darasani

Kanuni yenyewe yaweza kuonyeshwa bila hatari. Unganisha betri mbili kavu za volti 1.5 kwa mfululizo, ukiweka kati yake kipande cha kaboni kilichotolewa katika kalamu ya risasi. Weka swichi na balbu ya tochi. Pima volti za fungu zima: swichi ikiwa wazi, kipimo kitakaribia volti 3; ikifungwa, kitashuka. Kisha pima kila betri peke yake balbu ikiwaka, na ujumlishe. Wanafunzi waulizwe: volti zilizosalia zimepotelea wapi?