Mgeni Njoo: Siku Sri Lanka Ilipoingia Nairobi

Sisi watu wa Pwani tuna neno letu la zamani: mgeni njoo, mwenyeji apone. Aliyelisema kwanza alijua mambo ya nyumba. Mgeni akipiga hodi, kuku aliyekuwa akihesabiwa huchinjwa, mkeka mpya hutandikwa, na watoto wa nyumba ambao wangelala na uji hupata pilau. Basi leo nataka kulipima neno hilo kwa mchezo wa kriketi. Najua wako watakaosema, "Huo ni mchezo wa Wahindi, wewe mshairi unautakia nini?" Nawaomba wanivumilie kidogo, kwani habari yenyewe imeanzia hapa kwetu.

Tarehe 28 Novemba 2002, ndani ya mwezi mtukufu wa Ramadhani, gari lililojaa baruti liliiripua hoteli moja pale Kikambala. Asubuhi ile ile makombora mawili yalirushwa kuilenga ndege ya Waisraeli iliyokuwa ikiruka kutoka Mombasa, yakaikosa. Kikambala walikufa Wakenya kumi na Waisraeli watatu, na wengi wa hao Wakenya walikuwa wachezaji ngoma waliokuja kuwapokea wageni. Walikufa wakikaribisha. Baada ya hapo, kila aliyevaa kanzu na kofia alitazamwa mara mbili, na mji wetu, uliopokea majahazi tangu enzi za mababu, ukaitwa mji wa hatari.

Sasa, mapema mwaka 2003 Kombe la Dunia la kriketi lilikuwa likichezwa Afrika Kusini, na Kenya na Zimbabwe zilipewa baadhi ya mechi. Nairobi ilipangiwa mbili, katika uwanja wa Gymkhana: New Zealand Ijumaa ya tarehe 21 Februari, na Sri Lanka Jumatatu ya tarehe 24.

New Zealand wakasema hawaji, kwa kuhofia usalama wao. Simlaumu mtu kwa kuipenda roho yake, roho ni amana. Lakini kumbukumbu nazo zina haki yake. Mwezi wa Oktoba mwaka 2000, katika uwanja huo huo wa Gymkhana, New Zealand waliwashinda India katika fainali ya mashindano ya dunia ya mtoano. Chris Cairns alipata mikimbio 102 bila kutolewa, na nchi yake ikanyanyua kombe lake kubwa la kwanza. Wakati huo ilikuwa imepita miaka miwili tu tangu ubalozi wa Marekani uripuliwe Nairobi tarehe 7 Agosti 1998, watu zaidi ya mia mbili wakafa. Walikuja, wakala, wakaondoka na kombe. Mara hii wakaiacha nyumba na sahani zimeshapangwa. Kenya ikapewa pointi nne za bure, na pointi za bure, kwa mchezaji, ni kama mahari ya harusi isiyokuwa na bwana harusi.

Sri Lanka wakaja. Sidhani kwamba walikuja kwa sababu ya ushujaa tu. Hao walikuwa wamekwishaonja uchungu wa kususiwa. Mwishoni mwa Januari 1996 bomu kubwa liliua watu wengi katikati ya mji wa Colombo, na Kombe la Dunia lilikuwa likibisha hodi. Australia na West Indies wakakataa kwenda kucheza huko. India na Pakistan, ambao kwa kawaida hawapikiki chungu kimoja, waliunda timu moja ya pamoja, wakenda Colombo tarehe 13 Februari kucheza na wenyeji ili ulimwengu uone kwamba kunakwendeka. Zimbabwe nao walikwenda. Na Kenya, iliyokuwa katika Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza, ilikwenda Kandy tarehe 6 Machi, ikapigwa vibaya: Sri Lanka walipata mikimbio 398, idadi ambayo haikuwahi kufikiwa na timu yoyote katika mechi za siku moja za kimataifa, na Aravinda de Silva peke yake alichukua 145. Kijana wetu Steve Tikolo alijibu kwa 96, akatoka amebakisha minne tu kutimiza mia. Tulishindwa, lakini tulikwenda.

Kwa hiyo walipotua Nairobi mwaka 2003 chini ya nahodha Sanath Jayasuriya, mimi niliona kwamba wamekuja kulipa ziara. Jambo hilo halikuandikwa katika karatasi yoyote, ila sisi tuliolelewa na mabaraza tunaijua hesabu ya kutembeleana.

Niliutazama mchezo kwa jirani, Mji wa Kale, katika televisheni iliyotaka kupigwa kofi kila baada ya nusu saa. Kenya ilianza kupiga, ikafikisha 210 kwa wiketi tisa. Kennedy Otieno alipata 60, na Muttiah Muralitharan, yule fundi wa kuuzungusha mpira, akaangusha wiketi nne. Mikimbio 210 si mingi mbele ya watu kama wale. Mzee mmoja aliyekuwa nasi alivaa viatu vyake akaenda zake, akisema hana haja ya kuangalia maziko.

Akakosa uhondo. Collins Obuya, mdogo wake Kennedy, kijana mwembamba wa miaka ishirini na mmoja, alipewa mpira. Naye ni mzungushaji: mpira wake huanguka mbele ya mpigaji ukageuka njia. Alitupa ova kumi, akatoa mikimbio 24 tu, akaangusha wiketi tano, miongoni mwao Aravinda yule yule wa Kandy, na Jayawardene, na Sangakkara. Aravinda alifika 41, na hakuna mwenzake aliyempita. Sri Lanka wakaisha kwa 157. Kenya ikashinda kwa mikimbio 53, na wachezaji wakauzunguka uwanja wakiwapungia watu mikono. Pale baraza kijana mmoja alipiga takbiri, kisha akaona haya, kwani ulikuwa ni mchezo tu.

Baada ya hapo Kenya iliwashinda Bangladesh na Zimbabwe, ikafika nusu fainali Durban tarehe 20 Machi, ikatolewa na India. Nchi isiyokuwa na hadhi ya kucheza mechi za Testi haikuwahi kufika pale. Siku tano kabla, hapo hapo Durban, Aasif Karim, mzaliwa wa Mombasa mwenye umri wa miaka 39, aliyerudishwa mchezoni baada ya kustaafu, aliwatupia Australia ova nane na mipira miwili kwa mikimbio saba, akachukua wiketi tatu. Australia walishinda, lakini mchezaji bora alikuwa yeye. Mji ulioitwa wa hatari ulikuwa umempeleka mwanawe mbele ya mabingwa wa dunia.

Ungedhani baada ya hapo wageni wangepigana vikumbo mlangoni. Wapi! Mataifa makubwa hayakuja kwa wingi tuliotarajia. Viongozi wa mchezo hapa nchini nao waligombana mpaka nyumba ikatoa ufa, na makosa yetu siyafuniki kawa. Ila Bangladesh, tuliowashinda mwaka ule, walikuwa na Testi, na wakubwa walilazimika kuwatembelea. Wakapigwa mwaka baada ya mwaka, wakajifunza. Kenya haikupewa hata Testi moja. Mara ya mwisho kucheza Kombe la Dunia ilikuwa mwaka 2011, na mwaka 2014 ikapoteza hata hadhi ya kucheza mechi za siku moja za kimataifa.

Sri Lanka hawakuacha desturi yao. India walipofuta ziara yao ya Pakistan, wao walikwenda badala yake, na tarehe 3 Machi 2009 basi lao lilishambuliwa kwa risasi mjini Lahore. Wachezaji kadhaa walijeruhiwa, na polisi sita na raia wawili wakauawa. Tangu hapo Pakistan ikakaa miaka mingi bila kutembelewa na timu kubwa. Mnamo Desemba 2014 timu ya Kenya ilipanda ndege ikaenda Lahore, ikacheza mechi tano na timu ya pili ya Pakistan, ikashindwa zote tano.